Atapigiwa Nani Simu? Kumchagulia Mzazi Mfumo Endeshi wa Kompyuta

Ahsanteni kwa kuja, na poleni nyie wa nyuma mliokosa viti. Nimeombwa nizungumzie balaa linalomkuta kila mtu aliyewahi kujisifu mbele ya ukoo kwamba anajuajua kompyuta. Baba amestaafu ualimu na mtoto aliye Muscat kamtumia laptopu. Shangazi ni mweka hazina wa VICOBA. Mama mkubwa anataka kuona wajukuu kwenye kioo kikubwa kuliko cha simu. Wote wanakuletea mashine na swali moja: tuweke nini humu? Yaani mfumo endeshi gani, ile programu kuu inayoiendesha kompyuta.

Sisi wa fani hii tukiulizwa hivyo tunaanza kubishana mfumo upi una kasi na upi hauingii virusi. Mimi huwa nauliza kwanza: ikimgomea saa mbili usiku, huyu atampigia nani?

Tazameni barabarani. Toyota hazikujaa nchi hii kwa kuwa ndizo gari bora kuliko zote duniani. Zimejaa kwa sababu spea zipo na kila fundi chini ya mwembe anazijua. Kompyuta ya mzazi ichaguliwe kwa akili hiyohiyo. Kama anayepigiwa ni kijana wa stesheneri ya jirani, na kijana huyo anajua Windows tu, basi ukimwekea mzee Linux, ule mfumo huru wa bure, kisha ukarudi zako Doha, umemtelekeza. Siku ikikwama kijana atafanya analolijua: atapiga fomati, ataweka Windows ya kukraki, na picha za harusi ya mdogo wako ndiyo kwaheri. Usimlaumu, maana kaletewa gari asilolijua. Ila kama anayepigiwa ni wewe, uko huru kuchagua kile kitakachofanya simu yako ilie mara chache zaidi.

Sasa tuje kwenye mashine zenyewe, kwa sababu hapa pana jambo ambalo wauzaji wengi hawakwambii. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft waliacha kuipa Windows 10 masasisho ya usalama ya kawaida. Kompyuta haizimiki, inawaka, inachapa, inacheza muziki. Kinachokoma ni kuzibwa kwa matundu mapya yanayogunduliwa. Wapo watakaosema si kuna nyongeza ya mwaka mmoja? Ipo, hadi Oktoba 2026, kwa dola 30, au bila malipo ukikubali mipangilio ya kompyuta ihifadhiwe kwenye akaunti ya Microsoft. Hiyo ni kununua muda tu.

Windows 11 nayo inachagua mashine. Inataka RAM, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi, ya GB 4, diski ya GB 64, kijisehemu cha usalama kinachoitwa TPM 2.0, na, hapa ndipo wengi wanapokwama, prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, ya kizazi cha nane kwenda juu kwa zile za Intel. Mtaani kwetu zinauzwa zipi? HP EliteBook 840 G3, ThinkPad T460, Dell Latitude za rika hilo, mtumba safi kutoka Ulaya na Dubai. Ukiwa dukani usisome stika ya "i5" ukaridhika. Fungua Mipangilio, nenda kwenye taarifa za mfumo, usome namba yote. Ikiandikwa i5-6300U, ile 6 ya mwanzo ndiyo kizazi: cha sita. Windows 11 haiikubali rasmi. Ikiwa i5-8350U, hicho ni cha nane, endelea kupatana bei. EliteBook G3 na G5 ukizipanga juu ya meza zinafanana kama ndugu, lakini G5 yenye prosesa ya kizazi cha nane ina njia ya kwenda mbele, na G3 ya kizazi cha sita imefika mwisho wa lami.

Fundi atakwambia, "Bosi, ipo njia, nitailazimisha ikubali." Kweli njia ipo. Ila Microsoft hawaahidi kwamba mashine iliyolazimishwa itaendelea kupata masasisho, na kila toleo kubwa jipya huenda likahitaji mkono wa fundi tena. Kwa kompyuta yako mwenyewe, chezea. Kwa ya mama yako, hapana.

Kwa hiyo ile G3 tuitupe? Hasha. Ni mashine ngumu, kibodi yake nzuri kuliko za laptopu nyingi mpya za bei rahisi. Kwanza, kama bado ina diski ya kuzunguka, iondoe uweke SSD, diski isiyozunguka. Hilo peke yake litaipa kasi kuliko mfumo wowote utakaouchagua. Kisha ndipo ninapoweka Linux Mint, aina mojawapo ya Linux.

Naona wengine mnatabasamu. Linux imeanza mwaka 1991 na mwanafunzi wa Helsinki, Linus Torvalds, na bado watu wengi wanadhani ni kioo cheusi chenye maandishi meupe. Mint haiko hivyo. Kitufe cha menyu kipo kushoto chini, saa ipo kulia chini, faili ziko ndani ya folda. Mzee aliyezoea Windows 7 hushangaa kidogo, halafu anaendelea. Toleo la 22 linapata masasisho hadi mwaka 2029, na halimzimii mtu kompyuta ghafla akiwa katikati ya kuandika muhtasari wa kikao cha harusi. Linaonyesha alama pembeni na kusubiri. Tena unaweza kuliwasha kutoka kwenye fleshi bila kufuta chochote. Keti na mzazi, mwache abofye, sikiliza kama spika zinatoa sauti, jaribu Wi-Fi na printa. Printa nyingi za HP na Epson hukubali bila ugomvi, lakini jaribu ile aliyo nayo yeye, usiniamini mimi.

Kabla hujafomati, uliza jambo moja: kuna programu gani ambayo akiikosa kazi inalala? Mara nyingi utakuta yote yako ndani ya kivinjari: barua pepe, YouTube, WhatsApp ya wavuti, huduma za serikali. Hapo hakuna tatizo. Shangazi wa VICOBA ndiye wa kuangaliwa. Lile daftari lake la Excel lenye hisa, mikopo na riba, lililotengenezwa na mtu aliyehama mji, lifungue mbele yake kwenye LibreOffice, programu ya bure inayoshika nafasi ya Excel kwenye Linux. Fomula za kujumlisha zitafanya kazi. Ila kama kuna vitufe alivyotengenezewa, yaani makro, vinaweza kukataa, na mweka hazina ambaye hesabu zake zimegoma mbele ya akina mama thelathini hatakusamehe kwa kuwa mfumo wako ni huru. Huyo mwachie Windows, na umnunulie mashine ya kizazi cha nane.

Mama mkubwa wa wajukuu, asiyetaka chochote zaidi ya kivinjari, anaweza kuwekewa ChromeOS Flex, mfumo wa Google. Ni ya bure, inatosheka na RAM ya GB 4, na haina mambo mengi ya kuharibika. Fahamuni tu kwamba Flex haipokei programu za simu kutoka Play Store, na bila intaneti inabaki na kazi chache sana. Nyumba ambayo bando linakatika kila tarehe ishirini, sishauri. Kuhusu Mac sitawachosha: ni nzuri, ni ghali, na kama mtoto aliye nje anataka kutuma kuukuu yenye prosesa ya Intel, aambiwe kwamba Apple wameshatangaza kuwa toleo la 26 la mfumo wao, macOS, ndilo la mwisho kwa mashine hizo.

Ukishachagua, kazi haijaisha, na hapa ndipo vijana wetu wanapokimbia. Mfungulie akaunti ya kawaida, ile ya usimamizi ibaki kwako. Kama ni Windows na anatumia bando la simu, washa ile mipangilio inayoiambia kompyuta kwamba intaneti hii ni ya kupimwa, la sivyo masasisho yatamla GB zake usiku mmoja. Kuza maandishi. Nywila aiandike kwenye daftari lililo kabatini. Mwizi wa mtandaoni hafungui kabati.

Tuchukue maswali. Ndiyo, dada mwenye kitenge cha bluu.

Anauliza kuhusu kumsaidia mzazi kutoka mbali. Zipo programu za kuona kioo chake ukiwa kwako: AnyDesk, RustDesk na nyinginezo, na zinafanya kazi Windows na Linux. Weka moja ukiwa naye nyumbani, mfanye zoezi. Halafu mpe sharti: namba ya kuunganishia inayoonekana kwenye programu hiyo anaitaja wewe ukimpigia, na sauti yako anaijua. Mtu mwingine yeyote, hata akisema anatoka benki, akate simu. Matapeli wanazipenda sana programu hizi.

Na wewe, kaka. Mama yake ana Windows 7 na hataki iguswe. Anafanyia nini? Karata, na kaswida kutoka kwenye fleshi. Benki je? Kwenye simu. Basi vizuri. Windows 7 iliachwa tangu Januari 2020, na Chrome nayo ikaacha kuihudumia mwaka 2023, kwa hiyo mtandaoni isiende kabisa. Zima Wi-Fi, nakili picha zake pembeni, umwachie karata zake.