Mchezo Unaojua Kungoja

Jambo yenu. Wababa, wamama, na ninyi vijana mliokaa chini kwa sababu viti vimekwisha, asanteni kwa kuja. Mimi si mwigizaji, wala sijafundisha teatre mahali popote. Nilikuwa karani wa reli hapa Lubumbashi, na miaka yote hiyo, palipokuwa na mchezo nilikwenda. Mitaa yetu ya Kamalondo, Kenya, Katuba, Ruashi. Kumbi za parokia, nyua za shule, Halle de l'Étoile. Mke wangu alikuwa akiniuliza, "Unaenda tena kuona kile kile?" Nilimjibu kwamba mchezo ni ule ule, lakini watakaokaa leo si waliokaa jana. Jibu hilo nilikuwa nalitoa haraka mlangoni, nikivaa viatu. Leo mmenipa nafasi ya kulieleza.

Miaka kadhaa iliyopita niliona mchezo wa mjane. Mume amekufa. Ndugu za mume wamefika udongo wa kaburi ungali mbichi. Wanatoa friji, wanatoa viti, wanahesabu mabati ya paa. Kila mtu ukumbini aliijua nyumba hiyo, na wengine waliwahi kutolewa ndani yake. Aliyecheza mjane alikuwa msichana mdogo, pengine hajatimiza miaka ishirini na miwili, lakini alipokaa kwenye mkeka akanyoosha miguu, nilimwona mama mtu mzima aliyechoka. Akaanza wimbo wa kilio. Wamama wa safu ya tatu na ya nne wakampokea. Hakuna aliyewaambia wafanye hivyo. Mnajua wenyewe kilioni kulivyo: mmoja anaanza, wengine wanaitika, na aliyeanza hangoji kuambiwa kwamba anatakiwa kungoja. Anawaachia wamalize, ndipo anaongeza lake.

Yule msichana akageuza uso kuwaelekea. Niliona kwa macho yangu kwamba alitaka kuwangoja. Lakini sauti haikuwa yake. Wimbo ulikuwa umerekodiwa, ukitoka katika spika mbili kando ya jukwaa, naye alikuwa akifuatisha kwa midomo. Wimbo ukaendelea mbele. Wamama wakajikuta wanaimba juu ya ubeti mwingine, wakapotezana, wakanyamaza mmoja mmoja. Msichana akarudi kukimbiza midomo yake nyuma ya spika.

Niliumia usiku ule. Nilirudi nyumbani kwa miguu nikitafuta jina la kitu nilichokiona kikivunjika. Msichana aliigiza vizuri. Hadithi ilikuwa ya kweli. Mavazi yalikuwa safi. Kilichokosekana ni kwamba mchezo haukuweza kungoja, na tangu siku ile hicho ndicho ninachokitafuta kwanza ninapokaa kwenye kiti: je, hawa wanaocheza wanaweza kutungoja? Filamu haiwezi, na hatuilaumu, maana ilimalizika kabla hatujaiona. Mtu aliyesimama mbele yangu akiwa hai anaweza. Asiponingoja, kwa nini nilipanda taksibus kumfuata?

Sisi wa mji huu tulijifunza jambo hili mapema. Wakubwa waliomo humu wanalikumbuka kundi la teatre la Mufwankolo. Tuliwasikia redioni, tukawaona kwenye televisheni, tukiwa tumejazana katika ua wa jirani mwenye kifaa. Walicheza kwa Kiswahili chetu, Kiswahili cha kambi na cha soko, chenye Kifaransa ndani yake na chenye Kiluba na Kibemba, bila kuomba radhi. Mtoto aliweza kuuliza, "Njo mwisho?", yaani ndio mwisho, na mwigizaji angeweza kuuliza vile vile.

Mwaka 1986 mwanaanthropolojia Johannes Fabian alikuwa hapa. Alikuwa mezani na marafiki, kuku ameletwa, na juu ya firigisi ya kuku huyo akaambiwa msemo: Le pouvoir se mange entier, madaraka huliwa mazima, hayagawanywi. Msemo ukamkaa kichwani. Akawauliza waigizaji wa Mufwankolo maana yake. Wao hawakumpa maelezo. Waliufanya kuwa mchezo. Fabian alifuatana nao wakitunga, akarekodi mazungumzo na mazoezi, na mwaka 1990 akatoa kitabu chenye maneno yao kwa Kiswahili cha Shaba, kama mkoa wetu ulivyoitwa wakati huo.

Ninachotaka mkione ni namna walivyofanya kazi. Hapakuwa na maandishi ya kukariri. Walikaa kwanza wakabishana: chifu ni nani, amekosa nini, nani atamwambia. Wakagawana nafasi. Kisha kila mmoja akatafuta maneno yake mazoezini, akayabadilisha siku iliyofuata, akayabadilisha tena. Mchezo ulichezwa kijijini Kawama, nje ya mji, ukapigwa picha kwa ajili ya televisheni. Mtu asiyekariri hana budi kusikiliza. Mwenzake akichelewa, anachelewa naye. Watu wakicheka kwa muda mrefu, anasimama na kicheko mpaka kiishe. Wapo wanaosema kwamba kukosa maandishi ni umaskini. Nimeona michezo mingi iliyoandikwa vizuri kwa Kifaransa, na naipenda, lakini nasema wazi kwamba sijaona maandishi yanayosikiliza kama wale walivyosikilizana.

Sasa nyimbo, maana najua vijana wengi mmekuja kwa ajili hiyo. Mnapenda michezo ya kuimba, mnaitazama kwenye simu, na mnataka kuifanya hapa. Fanyeni. Ila jiulizeni kila mara: kwa nini mtu huyu ameacha kusema, akaanza kuimba? Kama jibu ni kwamba dakika kumi zimepita bila wimbo, uondoeni wimbo huo.

Wengi mnaijua Sarafina! kwa filamu ya 1992. Kabla ya filamu ulikuwa mchezo wa jukwaani wa Mbongeni Ngema, ulioanzia Market Theatre ya Johannesburg mwaka 1987, na katika nyimbo zake alishirikiana na Hugh Masekela. Ni wanafunzi wa Soweto, kumbukumbu ya 1976 ingali inawaka, mwaka ule watoto walipokataa kusomeshwa kwa Kiafrikana, lugha ya Makaburu. Wanatayarisha onyesho la shule kuhusu siku Mandela atakapotoka gerezani. Hesabuni: mchezo ni wa 1987, Mandela alitoka Februari 1990. Wale vijana walisimama jukwaani wakaimba siku ambayo haijafika. Kuisema tu kusingetosha. Mtu akikwambia kwa maneno matupu kwamba mfungwa yule atatoka, utamuuliza lini. Akiiimba, humuulizi lini. Unaingoja pamoja naye. Hapo wimbo una kazi ambayo neno haliwezi kuifanya.

Upande wa pili kuna kujua wimbo unapotakiwa kukaa kimya. West Side Story, New York, 1957: ni Romeo na Juliet wamehamishiwa kwenye magenge ya vijana wa mtaani. Muziki ni wa Leonard Bernstein, na ni muziki mwingi, unaojaa kila pembe. Mwishoni Maria amesimama na bastola mkononi, kijana wake amelala amekufa. Kila mtu anayejua michezo ya namna hii anajiandaa kwa wimbo mkubwa kuliko zote. Haupo. Maria anasema tu. Bernstein alijaribu kuyatungia muziki maneno yale, akajaribu tena, kila alichoandika hakikufaa, akayaacha yasemwe. Fundi mwenye uwezo wote ule alikubali kurudi nyuma. Nimeitazama filamu ya mchezo huo mara nyingi, na hapo ndipo ninaposhika mkono wa kiti.

Na karibu zaidi na sisi, Aimé Césaire, mtu wa Martinique, aliandika Une saison au Congo mwaka 1966, kuhusu Patrice Lumumba. Lumumba aliuawa tarehe 17 Januari 1961, si mbali na hapa tulipokaa. Wapo humu ambao wazazi wao waliisikia habari hiyo kwa kunong'onezwa. Katika mchezo huo kuna mpiga sanza, ile tunayoiita likembe. Anapita kati ya matukio, anapiga, anaimba kwa mafumbo. Wakubwa wanagombana na kupanga njama kwa sauti, yeye anapita na chombo kidogo cha vidole viwili. Ninapenda sana kwamba Césaire hakuweka tarumbeta hapo. Likembe haisikiki mpaka watu watulie. Inawalazimisha wanaotazama wangoje.

Narudi kwenye spika. Nimewauliza vijana wa makundi kwa nini wanatumia nyimbo zilizorekodiwa, wakaniambia wapiga muziki ni ghali na vinanda havipatikani. Nawaelewa, najua bei ya kukodi ukumbi. Lakini mji huu umejaa sauti! Hapa ndipo Joseph Kiwele alipotunga Misa Katanga, na hapa waliimba wavulana wa kwaya ya Croix de Cuivre. Jumapili pita Katuba kwa miguu kuanzia saa mbili asubuhi: huwezi kutembea dakika tano bila kukuta kwaya yenye sauti nne zilizoshikana. Na karindula je? Banjo lililoundwa kwa bidoni, ngoma moja, vijana watatu, na mtaa mzima unasimama. Watu hawa wanajua kumfuata mwimbaji, kupunguza mwendo, kurudia ubeti kwa sababu mama mmoja amelia. Spika haijui. Mpeni yule msichana wa mkeka banjo moja nyuma yake, na wale wamama wa safu ya tatu wangeimba mpaka mwisho.

Sijawamalizia habari ya mchezo ule. Ndugu za mume wanaondoka na friji. Mjane anabaki na watoto wawili na sufuria. Anaitazama sufuria. Ukumbi mzima kimya, na ukimya wa watu wa Lubumbashi wanaojiuliza kesho atapika nini ni kitu kizito. Ndipo akatokea bwana mwenye koti na karatasi. Akatusomea kwamba kuna Sheria ya Familia ya 1987, kwamba ilirekebishwa 2016, kwamba mjane ana haki zake. Yote ni kweli, na mjane yeyote anastahili kuyajua. Lakini kwa nini dakika ile? Jirani yangu, mzee kuliko mimi, alikuwa ameinama, nafikiri alikuwa anamkumbuka mtu. Aliposikia karatasi akainua kichwa, akatafuta kofia yake, akaondoka.

Michezo mingi tunayoonyeshwa siku hizi inalipiwa ili itufundishe: kura, kipindupindu, kupeleka wasichana shule. Sipingi mafundisho hayo. Ninachoomba ni bwana wa karatasi akae kwanza. Atuache na sufuria. Asubuhi yake, pale pale uwanjani, weka meza, weka mwanasheria, na mtaona foleni ya wamama wenye maswali, kwa sababu usiku waliachiwa swali. Ukiwapa jibu kabla swali halijawauma, wanachukua kofia.

Neno moja kuhusu mahali. Wabelgiji waliujengea mji huu teatre kubwa katika miaka ya 1950, kazi ya Claude Strebelle na wenzake, jengo zuri mpaka leo. Ndilo Bâtiment du 30 Juin. Humo wameketi wabunge wa jimbo. Kila ninapolipita naangalia ukuta wake na kuwaza jukwaa lililo nyuma yake. Nasema tu kwamba nalitamani.

Na nalitamani zaidi tangu Januari 2024. Mwezi huo, katika Grand Théâtre ya Genève, Uswisi, ilionyeshwa opera inayoitwa Justice. Inahusu barabara yetu. Februari 2019, kwenye njia ya Kolwezi, lori lililobeba asidi ya migodini liligongana na basi, na watu walikufa kwa namna ambayo sitaieleza mbele ya watoto. Maneno ya opera hiyo aliyaandika Fiston Mwanza Mujila, mtoto wa mji huu. Muziki ni wa Hèctor Parra, mwongozaji ni Milo Rau, na kati ya waimbaji alikuwamo Serge Kakudji, sauti ya Katanga. Nafurahi kwamba Genève ilisikia. Migodi yetu ina mikono mingi, na mingine iko mbali sana na Kolwezi. Ni haki wenye mikono hiyo nao wakae kwenye viti waangalie.

Lakini fikirini ikichezwa hapa. Kwa Kiswahili. Tuseme mama aliyepoteza mtoto anaanza kuimba, na nyuma yake pana kwaya ya Ruashi na likembe moja. Ukumbini wamekaa watu waliopanda basi kwenye njia ile ile juma lililopita. Watamwitikia, hilo sina shaka nalo. Wataitika kwa muda mrefu kuliko mtunzi alivyopanga, pengine robo saa, na mpiga likembe atalazimika kuzungusha vidole vyake papo hapo mpaka wao wenyewe wamalize. Nami ningependa kuwapo, kwenye kiti chochote, hata chini pamoja na ninyi vijana.

Hapa naacha kusema. Yule mama wa pale nyuma ameinua mkono tangu nilipotaja kilio. Karibu, mama.