Tusitibu kwa Kukadiria: Mhadhara kwa Wazazi, Ujiji, Kigoma

Asalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo. Na ambao sijawafikia kwa salamu hizo mbili, hamjambo? Wazee wangu mlioketi mbele, shikamooni.

Nimeombwa niongee juu ya magonjwa ya kila siku na namna ya kuyatibu nyumbani. Nadhani wengine mlitarajia nije na kikapu cha mwarobaini, mlonge, tangawizi na vitunguu saumu. Sikuja nacho. Nyumba zetu hazina upungufu wa dawa. Fungua droo ya kabati lolote hapa Ujiji utakuta panadoli nusu kadi, kapsuli za rangi mbili zilizobaki tangu mwaka juzi, na chupa ya dawa ya kikohozi isiyojulikana ilifunguliwa lini. Kinachokosekana ni kupima. Chumvi tunatia kwa vidole, dawa tunagawa kwa macho, homa tunaishika kwa mgongo wa mkono, halafu tunasema "nimeshamtibu". Mchuzi unavumilia kukadiriwa. Mtoto wa kilo nane havumilii.

Nitaanza na kuhara, na nitakaa hapo kuliko penginepo. Mkiniona nayapita haraka mengine, mjue nimefanya makusudi.

Sisi watu wa ziwa tunadanganywa na macho. Tanganyika ina kina cha mita 1,470, duniani inazidiwa na Ziwa Baikal la Urusi peke yake, na maji yake ni maangavu kiasi kwamba ukiwa kwenye mtumbwi karibu na ufuko unahesabu changarawe chini. Basi mtu anachota, anakunywa, anasema haya ni maji ya Mungu. Ni ya Mungu kweli, ila na binadamu ameshapita humo. Mnakumbuka Mei 2015. Ndugu zetu wa Burundi walikimbilia Kagunga kwa maelfu, kijiji kilichobanwa kati ya mlima na ziwa, gari halifiki. Meli ya MV Liemba ikawa inawabeba kuwaleta mjini, wakapokelewa pale Uwanja wa Lake Tanganyika, kisha wakapelekwa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Kule Kagunga watu wote wale walikuwa wakijisaidia na kunywa kwenye ufuko uleule. Kipindupindu kikalipuka. Wagonjwa walifika maelfu, na waliofariki walikuwa takriban 30, wakiwemo Watanzania.

Thelathini ni misiba 30, siipunguzi. Lakini nataka mwone kitu. Mwaka 1971, wakati wa vita ya Bangladesh, wakimbizi walijaa upande wa India, mji wa Bangaon, na kipindupindu kikawafuata. Dripu zikaelekea kwisha. Daktari mmoja, Dilip Mahalanabis, akaamua kutumia chumvi, glukosi na baking soda. Vilipimwa na kufungwa kwenye mifuko huko Calcutta, vikaletwa kambini, vikachanganywa na maji kwenye madumu, na ndugu wa wagonjwa ndio walionywesha. Hapo kambini walikuwa wanakufa kama wagonjwa 30 kati ya 100. Kwa walionyweshwa yale maji, wakafa chini ya wanne kati ya 100. Walionywesha walikuwa mama, baba, shangazi. Wengi wao hawakuwahi kushika sindano. Walipewa kitu kilichopimwa, wakanywesha bila kuchoka.

Sasa kwa nini kipimo? Utumbo wa mtu anayehara haunyonyi maji inavyotakiwa. Ukimpa maji matupu, mengi yanapitiliza. Lakini ule mlango wa kupitisha sukari mwilini hubaki unafanya kazi, na sukari hapo haipiti peke yake; huingia pamoja na chumvi, na vikiingia vyote viwili huvuta maji nyuma yake. Chumvi ikipungua, hakuna cha kuambatana. Chumvi ikizidi, unamdhuru mtoto: anapata degedege, anaweza kupoteza maisha. Sukari ikizidi, maji yanatoka mwilini kuingia tumboni na kuhara kunaongezeka. Ndiyo maana soda na juisi za pakiti si dawa ya kuhara, hata kama mtoto anazipenda na mjomba yuko tayari kununua.

Bora zaidi ni pakiti ya ORS, ule unga wa chumvi na sukari uliokwishapimwa wa kuchanganya na maji. Pakiti nyingi mnazopata ni za lita moja, lakini soma iliyoandikwa. Hapa ndipo tunapoanguka. Mtu anamimina pakiti nzima kwenye chupa ya nusu lita kwa kuwa ndiyo iliyo karibu, mtoto anapata chumvi maradufu. Mwingine anatia kwenye chupa kubwa ya lita moja na nusu, dawa inakuwa nyepesi. Chukua chupa mbili za nusu lita, pima, mimina kwenye chombo safi, koroga pakiti yote mara moja. Yakikaa saa 24, mwaga, tengeneza mengine.

Pakiti ikikosekana na duka liko mbali, tengeneza mwenyewe: maji safi lita moja, sukari vijiko sita vya chai, chumvi nusu kijiko cha chai. Vijiko bapa, jamani. Umechota, umepitisha kisu juu, kilichozidi kimeanguka. Chumvi tunayo, Uvinza wanaitoa tangu zama za mababu wa mababu, kwa hiyo asiniambie mtu hapa Kigoma kwamba amekosa chumvi. Kabla ya kumpa mtoto, onja. Ikiwa na chumvi kuliko machozi, mwaga uanze upya.

(Hapa mama mmoja wa safu ya katikati aliomba kusema: "Nesi, lakini mimi nikimpa maji ndiyo anazidi kuendesha. Nikimnyima anatulia.")

Ahsante sana mama yangu, umesema walilonalo moyoni nusu ya watu humu. Anatulia kwa sababu hana tena cha kutoa. Kuhara kwenyewe mara nyingi kutakwisha kwa siku zake. Kinachoua watoto wengi ni ukavu wa mwili, na sisi tunasaidiana nao kwa kuficha kikombe. Mtoto chini ya miaka miwili, kila akiharisha mpe robo hadi nusu kikombe. Zaidi ya miaka miwili, nusu kikombe hadi kizima. Nasema kikombe cha mililita 200, si yale makombe ya chai ya baba. Mpe kijiko kimoja kimoja. Akitapika, subiri dakika 10, anza tena polepole zaidi. Ni kazi ya usiku kucha na inachosha mikono, kwa hiyo akina baba mliokuja leo, kijiko hicho na ninyi mnaweza kukishika.

Ziwa la mama lisikatwe. Chakula kisikatwe. Uji, ndizi, wali laini, dagaa waliosagwa, mpe kidogo kidogo mara nyingi.

Halafu kuna zinki. Hivi ni vidonge vidogo vinavyoyeyuka kwenye kijiko cha maziwa ya mama au ORS. Mtoto wa miezi sita na kuendelea, kidonge kimoja cha miligramu 20 kwa siku. Chini ya miezi sita, nusu yake. Siku 10 hadi 14. Kuhara kukikoma siku ya tatu, tunaviweka kabatini karibu na zile kapsuli za rangi mbili. Hapana. Zile siku zilizobaki ndizo zinazomkinga asirudi kuhara miezi miwili mitatu ijayo. Umeshavilipia au umeshapewa, vimalize.

Na utosi. Najua wapo wanaoona utosi wa mtoto umebonyea wakadhani huo ni ugonjwa wenyewe, wakapaka dawa pale juu. Utosi uliobonyea kwa mtoto anayehara unakuambia maji yamepungua mwilini. Tazama na macho yaliyozama, tazama akilia kama machozi yanatoka. Finya ngozi ya tumbo uiachie. Ikichelewa kurudi, usingoje kesho. Mtoto asiyeweza kunywa, anayetapika kila kitu, aliyelegea hata kuamka ni shida, anayehara damu, au anayehara maji meupe kama ya kuoshea mchele, huyo kituo cha afya, sasa hivi, na kikombe cha ORS mkononi njia nzima.

Ya kuzuia mnayajua, sitawachosha: choo, sabuni, kuchemsha maji mpaka yatokote kweli. Mkaa ukiwa ghali, tieni dawa ya kutibu maji kwa kipimo kilichoandikwa, msubiri nusu saa. Maji yakiwa maangavu unaweza hata kuyajaza kwenye chupa ya plastiki isiyo na rangi, ukailaza kwenye bati juani kwa muda wa saa sita. Kukiwa na mawingu, siku mbili nzima.

Tuje kwenye homa.

Mkoa wetu na wenzetu wa Tabora tumekuwa miongoni mwa mikoa yenye malaria nyingi nchini, kwa hiyo kila mwili ukichemka tunasema malaria. Pengine ni kweli. Pengine ni mkojo, ni masikio, ni mapafu. Kipimo cha kutoboa kidole kinatoa jibu ndani ya dakika kama 20, na anayemeza dawa ya malaria bila malaria anauacha ugonjwa wake halisi uendelee kula mwili. Pima kwanza.

Wazee mnaikumbuka klorokwini ilivyokuwa ikituwasha mpaka mtu anajikuna kwa gunzi. Vimelea vikaizoea, tukahamia dawa ya SP, nayo vikaizoea, na mwaka 2006 Tanzania ikaingia kwenye dawa mseto. Mseto huu wa ALu, yaani artemetha na lumefantrini, una dozi sita kwa siku tatu. Ya kwanza sasa, ya pili zikipita saa nane tangu ile ya kwanza, kisha asubuhi na jioni kwa siku mbili. Idadi ya vidonge inategemea uzito: mtu mzima wa kilo 35 na zaidi anameza vinne kila mara, jumla 24. Mtoto wa kilo tano mpaka 14 ni kimoja kila mara. Muda wa saa nane kabla ya dozi ya pili ni saa nane kamili. Weka kengele ya simu, si mnaamkia mpira wa Ulaya usiku?

Na dawa hii hupenda mafuta. Ukiimeza na chai ya rangi peke yake inanyonywa kidogo. Kunywa na maziwa, au kula mboga iliyoungwa kwa mawese. Hapo Kigoma tumependelewa.

Kugawana dozi ndiko kunakonikasirisha. Dada anaumwa, anameza siku mbili, anapata nafuu, vilivyobaki anapewa mdogo wake. Hapo kuna wagonjwa wawili waliotibiwa nusu na makundi mawili ya vimelea yaliyojifunza dawa.

Panadoli inashusha homa na maumivu, haitibu malaria. Kwa mtoto mpe kwa uzito kama alivyokuelekeza muuzaji wa duka la dawa muhimu, pengo la saa sita kati ya dozi na dozi, isizidi mara nne kwa siku. Aspirini watoto wasipewe. Mtoto mchanga wa chini ya miezi miwili akipata homa, hapo hakuna matibabu ya nyumbani kabisa.

Degedege nayo. Mlaze ubavu, ondoa vitu vigumu karibu, legeza nguo, tazama saa ujue imechukua muda gani. Usimtie kijiko mdomoni, usimnyweshe chochote, usimfukize. Ikikoma au isikome, hospitali. Sigombani na imani ya mtu, lakini mganga atakayeanza kufukiza wakati malaria iko kichwani anakula muda ambao mtoto hana.

Kikohozi, kwa kifupi. Mafua na kikohozi cha kawaida hupita vyenyewe. Maji ya uvuguvugu na kijiko cha asali husaidia, na asali ya misitu yetu ya miombo ni nzuri. Ila mtoto ambaye hajatimiza mwaka asipewe asali hata ya kulamba, inaweza kuwa na mbegu za bakteria wanaotoa sumu, ambao tumbo lake halijawaweza. Na kimeo kisikatwe. Kile kinyama hakileti kikohozi. Wanaokikata huleta damu na pepopunda.

Linalotakiwa ni kuhesabu pumzi. Mtoto akiwa ametulia, halii, hanyonyi, funua kifua, hesabu kwa dakika nzima. Chini ya miezi miwili, pumzi 60 au zaidi ni hatari. Miezi miwili mpaka 11, 50. Mwaka mmoja mpaka mitano, 40. Ikifika hapo, au chini ya mbavu panaingia ndani akivuta pumzi, hiyo yaweza kuwa nimonia. Inahitaji antibiotiki aliyopewa yeye, kwa uzito wake, siyo ya kabatini.

Kuungua: maji baridi yanayotiririka, dakika 20 nzima ukitazama saa. Si mawese, si dawa ya meno, si yai. Kisha kitambaa safi, mkaonane na daktari.

(Swali la mwisho lilitoka kwa mvuvi wa vijiji vya kusini: "Sisi kwetu boti ni moja kwa siku. Mtu akianza kuharisha usiku tufanye nini?")

Baba yangu, anza palepale. Usiseme tungoje boti ndipo tuanze. Tengeneza lita ya kwanza usiku huo, anywe kila akitoka. Mtu mzima mwenye kipindupindu anaweza kupoteza lita nzima kwa saa moja, kwa hiyo usihofu kwamba umempa nyingi. Asubuhi mnapanda boti na madumu mawili: moja la ORS iliyokwishachanganywa, jingine la maji yaliyochemshwa kwa kuongeza, na pakiti mfukoni. Tenga ndoo ya choo yenye kifuniko, msimwage ziwani, kuna kijiji kinachochota mbele yenu. Mtumeni kijana mmoja apige simu zahanati inayofuata wawe tayari. Na anayemnywesha anawe mikono kwa sabuni kila baada ya kumgusa, hata kama mawimbi yanawarusha.