Mashine ya kura na kufuli tatu za kikoba

Wazee wangu shikamooni, ndugu zangu habari za jioni, vijana mambo vipi. MC asante kwa utambulisho ila umenipa vyeo ambavyo sina, mimi sio mtaalamu wa uchaguzi, mimi ni fundi wa programu tu, naandikia watu sistimu za maduka na za stoo pale Kariakoo. Nimeitwa hapa kwa sababu kuna siku nilibishana kwenye daladala kuhusu mashine za kupigia kura kuanzia Posta mpaka Mwenge, na niliyekuwa nabishana nae ndo huyu kaandaa kikao, kwa hiyo mkichoka mlaumuni yeye.

Nianze na mama yangu mdogo. Yuko Mbagala, ni mweka hazina wa kikoba cha akinamama thelathini na kitu. Mnajua sanduku la kikoba lilivyo, la bati, kufuli tatu, funguo tatu kwa watu watatu tofauti, na anaetunza sanduku hana ufunguo hata mmoja. Siku ya kikao linafunguliwa mbele ya wote na hela inahesabiwa kwa sauti. Basi mimi nikajifanya mjanja nikawaandikia programu ya simu, michango inaingia, hisa zinajihesabu zenyewe, kila kitu safi. Nikawaonyesha. Wakapiga makofi kabisa. Halafu bibi mmoja akaniambia, mwanangu hii kitu yako nzuri, ila sisi hapa tukihesabu kila mtu anasikia, sasa hii yako ikihesabu nani anaisikia? Nikakosa jibu, nikaanza kueleza mambo ya seva na namba ya siri, nikaona wananiangalia kwa huruma.

Sasa yule bibi bila kujua alisema kitu ambacho mahakama ya katiba ya Ujerumani ilishakisema tarehe 3 Machi 2009. Wajerumani, watu wa mashine hao, walitumia kompyuta za kura kwenye uchaguzi wa 2005, baba mmoja na mwanae wakaenda mahakamani, na majaji wakasema matumizi yale yalivunja katiba kwa sababu mwananchi wa kawaida, asiye na utaalamu wowote, lazima aweze kuhakikisha mwenyewe kwamba kura zimehesabiwa sawa. Hawakusema kuna mtu kaiba, na hawakuzipiga marufuku mashine moja kwa moja. Walisema tu haionekani, na isiyoonekana haitoshi.

Najua mnachotaka kuniuliza maana kila mtu ananiuliza hivyo hivyo: mbona natuma laki tano kwa simu kwenda Sumbawanga inafika, iweje kura ishindikane? Hili swali ni zuri kuliko linavyoonekana, ngoja nilikalie kidogo.

Ukituma hela meseji inakuja, ina jina la uliyemtumia, kiasi, namba ya muamala, salio. Ikikosewa unapiga simu wanafatilia wanarudisha. Yaani usalama wa hela unatokana na kwamba kila muamala una jina. Kura ni kinyume chake kabisa, kura haitakiwi kuwa na jina. Fikiria umepiga kura kwa simu na umepata meseji "umempigia fulani", saa hiyo hiyo balozi wa nyumba kumi au mgombea anasimama kwenye kona na noti za elfu kumi anasema nionyeshe meseji nikupe. Au bosi wako. Au mume wako ndani ya nyumba. Ile kura ya siri tunayoichukulia kawaida imekufa palepale. Sasa ukiondoa meseji ili kulinda siri, umeondoa pia njia ya wewe kujua kama mashine imeandika ulichobonyeza. Huu ndo mfupa wenyewe, siri na uthibitisho vinavutana, na hakuna fundi wa Silicon Valley, kule Marekani kwenye makampuni ya kompyuta, wala wa Kariakoo aliyeumaliza kirahisi. Estonia wanapiga kura kwa intaneti tangu 2005, na mwaka 2023 zaidi ya nusu ya kura za bunge zilikuja hivyo, ila wale wana kitambulisho chenye chipu kwa kila raia na wanakuruhusu upige tena na tena, inahesabiwa ya mwisho, ili aliyekulazimisha asubuhi usiku umpinge. Ni wajanja. Ila ni nchi ya watu milioni moja na kitu, Dar peke yake tunawameza mara kadhaa.

Haya, tuje Afrika. Namibia walikuwa wa kwanza barani kutumia mashine nchi nzima, Novemba 2014, mashine kutoka India. Sheria yao ilisema mashine itoe na karatasi ya kuhakiki. Kilichofanyika, sikilizeni hapa, waziri akakianzisha kifungu cha mashine kikaanza kazi, kifungu cha karatasi kikaachwa kimelala. Wakaenda hivyo hadi uchaguzi wa 2019, mgombea mmoja akaenda mahakamani, na Februari 2020 Mahakama ya Juu ikasema kutumia mashine bila karatasi ni kinyume cha katiba. Matokeo hayakufutwa lakini mashine ziliwekwa kando. Na wahindi wenyewe waliowauzia wakati huo walishahama, mahakama yao iliagiza karatasi tangu 2013. Pale ukibonyeza unaona kikaratasi nyuma ya kioo kwa sekunde saba, kina alama ya uliyemchagua, halafu kinadondoka kwenye boksi, hutoki nacho. Baadae vituo vitano katika kila jimbo la bunge la mkoa wao vinachaguliwa kwa bahati nasibu wanalinganisha karatasi na mashine. Umeona ujanja? Uthibitisho upo ila haubebeki, yule wa noti za elfu kumi hana cha kuonyeshwa.

Majirani zetu wa Kongo 2018 walileta mashine za Korea Kusini, kwa kifaransa zinaitwa machine à voter, watu wakabadilisha herufi moja tu zikawa machine à voler, mashine ya kuiba. Wiki mbili hivi kabla ya uchaguzi ghala la tume Kinshasa likaungua na maelfu ya mashine ndani. Mimi sisemi nani alichoma. Nasema tu kwamba watu wakishaipa mashine jina kama hilo, hata ihesabu sawasawa mpaka shilingi ya mwisho, haikusaidii kitu.

Na mashine inakosea bila mwizi yeyote. Ubelgiji 2003, kwenye manispaa inaitwa Schaerbeek, mama mmoja aliongezewa kura 4096 kutoka hewani. Waligundua kwa sababu tu zilizidi kura za chama chake chenyewe, haiwezekani. Sisi watu wa kompyuta tukiiona 4096 tunacheka maana ni mbili ikijizidisha mara kumi na mbili, yaani swichi moja ndogo ndani ya memori ilijigeuza, inadhaniwa ni mionzi kutoka angani. Sasa jiulizeni, ingekuwa ni kura chache ambazo hazizidi za chama, nani angejua?

Lakini sitaki mtoke hapa mkisema karatasi ni malaika. Malawi 2019 ilikuwa karatasi tupu, fomu za matokeo zikapakwa ile rangi nyeupe ya kufutia, Tipp-Ex, namba zikaandikwa juu yake, mpaka uchaguzi wenyewe watu wakauita wa Tipp-Ex, na mahakama ikaufuta Februari 2020. Hapo ndo nataka tuangalie vizuri, wizi mkubwa wa kura mara nyingi haufanyiki kwenye kidole cha mpiga kura, unafanyika njiani, kati ya kituo na pale wanapojumlisha. Kituoni kuna mawakala, kuna watu wanachungulia, kura mia kadhaa zinahesabiwa zinaisha. Ni ile safari ya fomu usiku ndo ina giza.

Na giza hilo teknolojia inaliweza, ila ni teknolojia ndogo sana, kamera ya simu. Angalieni Kenya. 2013 walinunua vifaa vya bei mbaya, betri zikaisha kwenye madarasa yasiyo na soketi, na mtambo wa kurusha matokeo ukawa unazidisha kura zilizoharibika mara nane, mara nane jamani. 2017 namba zikaja kwenye skrini bila fomu zake, mahakama ikasema fungueni seva tuone, tume haikutii kikamilifu, na tarehe 1 Septemba uchaguzi ukafutwa. Na msisahau meneja wa teknolojia wa tume yao, Chris Msando, aliuliwa siku chache kabla ya kura, kwa hiyo tukisema sistimu tukumbuke kuna binadamu ameshika namba ya siri. Halafu 2022 wakafanya kitu cha kawaida mno. Kura ya karatasi, imehesabiwa kituoni, fomu 34A, ile ya matokeo ya kituo, ikapigwa picha na kutupwa kwenye tovuti, vituo zaidi ya elfu 46, mtu yeyote aliyeko Kisumu au Sinza akapakua akajumlisha na kalkuleta yake. Ugomvi haukuisha, makamishna wanne kati ya saba waliyakataa matokeo, kesi ikaenda, lakini mahakama ilipolinganisha fomu za kwenye tovuti na za mawakala ilikuta zinafanana. Ile ndo kufuli ya tatu, wamempa mwananchi ufunguo mmoja.

Sisi 2020 tulikuwa na wapiga kura zaidi ya milioni 29 kwenye daftari na vituo elfu 80 hivi. Gawanya, ni kama watu 360 kwa kituo. Fomu moja, picha moja, hata simu ya kitochi yenye kamera inatosha, hatuhitaji kontena la mashine kutoka nje. Shida yake mnaijua, picha inapita kwenye intaneti, na tarehe 29 Oktoba 2025 intaneti ilizimwa nchi nzima, mnakumbuka mlivyokuwa mnashika simu kama tofali. Ndo maana karatasi ibandikwe ukutani kwanza, picha baadae. Na mtambo wowote hauhesabu mgombea aliyeenguliwa kabla ya siku yenyewe, hilo halina programu na mimi msiniulize zaidi.

Kuhusu vidole nipite haraka. Kuandikisha kwa BVR, yaani mashine inayochukua alama za vidole na picha, kama tulivyoanza 2015, kunasaidia mtu asijiandikishe mara mbili, sawa. Ila kidole kikitumika siku ya kura lazima kuwe na njia mbadala. Huyu huyu mama mdogo kipindi kile cha kusajili laini kwa alama za vidole alizungushwa siku nne na kampuni moja sitaitaja, mashine inasema rudia, rudia, miaka thelathini ya kukuna nazi na kufua vidole vimekuwa laini kama sahani. Na sio yeye tu, Nigeria 2015 kifaa kilimkataa rais aliyekuwa madarakani wakati huo, Goodluck Jonathan, kwenye kituo chake, mbele ya kamera. Rais wakamsaidia. Je, mkuna nazi?

Eeh, naona mkono. Dada anauliza, sasa wewe kikoba kile uliishia wapi, waliikataa programu? Hapana dada, wanaitumia. Ila wanahesabu kwa sauti kwanza, wanaandika kwenye daftari, halafu binti wa katibu anaingiza kwenye simu na anasoma namba mbele ya wote, zikipishana daftari ndo linashinda. Mwezi wa tatu zilipishana elfu mbili. Kosa lilikuwa kwenye programu yangu.

Haya, na yule kaka wa kofia pale nyuma, uliza.