Upepo Kwanza, Springi Baadaye

Asanteni. Walio nyuma nawaomba wasogee mbele, maana nina geji ya kupimia upepo wa matairi mkononi na nataka kila mtu aione.

Nianze na swali ninaloulizwa kila ninaposimama mbele ya watu wenye magari ya familia. "Hela yangu ni ndogo, gari langu ni la kawaida, nataka kutoka nje ya lami. Niliinue inchi ngapi?" Sikilizeni swali lilivyokaa. Mwenye nalo ameshaamua kwamba gari lazima liinuliwe, amebakiza kuuliza kipimo tu. Mimi silijibu mpaka naye anijibu la kwangu: leo asubuhi matairi yako yalikuwa na upepo kiasi gani? Karibu kila mara hajui, na wengine hawajawahi kumiliki geji. Jamani! Mtu yuko tayari kumaliza akiba yake kwenye springi za kuliinua gari na mataa ya juu ya paa, na hajui hali ya kitu pekee kwenye gari lake kinachogusa ardhi.

Mwenye hela kidogo hana ruhusa ya kukosea mpangilio. Tajiri akianza na springi, atanunua matairi mwezi ujao. Wewe ukianza na springi, umemaliza.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Chukua gari la kilo 1,600. Kila gurudumu linabeba kama kilo 400. Kwenye lami umejaza upepo wa psi 32, kipimo kinachosomwa kwenye geji, yaani kama kilo 2.25 kwa kila sentimita ya mraba. Ukigawanya, kila tairi linakanyaga eneo la sentimita za mraba 178 hivi, sawa na kiganja cha mtu mzima pamoja na vidole vyake. Gari zima limesimama juu ya viganja vinne. Sasa shusha upepo hadi psi 16, na eneo hilo linakaribia kuwa mara mbili. Najua ukuta wa tairi nao hubeba sehemu ya uzito, kwa hiyo asiniletee mtu rula kuhakiki kila sentimita. Mwelekeo ndio huo. Tena tairi likishushwa upepo halitanuki sana kwa upana, linarefuka. Linajilaza kwenda mbele na nyuma. Ndiyo maana tairi jembamba lililoshushwa upepo hupita mahali ambapo tairi pana lililojazwa ndi linajichimbia shimo.

Kuna kisa ambacho wanaonifahamu wamekisikia, na leo watakisikia tena. Tulikuta gari la familia limenasa kwenye mchanga wa mto uliokauka. Gari zuri, limeinuliwa, taa zimepangwa juu ya paa toka ukingo hadi ukingo. Magurudumu ya mbele yalikuwa yamezama mpaka bampa inagusa mchanga. Baba yuko kwenye usukani anakanyaga mafuta, watu wanasukuma kwa nyuma, mchanga unawarukia usoni, na kila anapokanyaga gari linazidi kushuka. Nikamwomba azime injini. Nikamuuliza upepo ni kiasi gani. Akanijibu kwa fahari: "Nimeyajaza sawasawa jana, kwa ajili ya safari."

Tukaufukua mchanga mbele na nyuma ya kila gurudumu, tukautoa na ule uliokuwa umelibeba gari tumboni. Kisha nikapiga magoti kwenye tairi la kwanza, nikafungua kikofia cha valvu, nikabonyeza kile kipini cha katikati kwa ncha ya kijiti. Upepo ukatoka kwa mlio mkali, ukipeperusha vumbi lililoganda kwenye rimu. Nikawaita watoto waje waangalie pale chini tairi linapokutana na mchanga. Mwanzoni ukuta ulikuwa umesimama wima. Baada ya muda ukaanza kutoka tumbo kidogo, halafu yale maandishi ya pembeni yakaanza kupinda. Nikapima: 22. Nikaendelea: 18. Nikaachia kwenye 16, nikahamia tairi linalofuata. Tulipomaliza yote manne nikamwambia baba: sasa usiende mbele. Rudi nyuma, taratibu, kwenye nyayo zako mwenyewe, maana mchanga huo umeshaushindilia ulipokuja. Gari likatoka. Hakuna aliyelisukuma. Mama watoto akamgeukia mumewe akauliza: "Zile springi tulizinunulia nini?"

Swali la mama yule ndilo ninalozunguka nalo mpaka leo.

Najua kuna anayesema moyoni, huyu anatuletea ujanja wa vichochoroni. Sivyo. Katika miaka ya 1920 na 1930 ofisa mmoja wa jeshi la Uingereza, Ralph Bagnold, alivuka Jangwa la Libya na wenzake kwa magari ya Ford, Model T na baadaye Model A. Hayo ni magari ya kawaida ya wakati ule, yanayosukumwa na magurudumu ya nyuma peke yake. Walishusha upepo, walibeba vyuma virefu vya kutandika chini ya magurudumu wanaponasa, na walijifunza kuusoma mchanga kwa macho. Mwaka 1940 Bagnold huyohuyo akaanzisha Long Range Desert Group, kikosi cha jeshi cha doria za mbali jangwani, na malori yake mengi nayo hayakuwa ya fowili, yaani ya kusukumwa na magurudumu yote manne. Kwa hiyo mtu akiniambia gari lake haliwezi kwa sababu halijafungwa kitu fulani cha dukani, namkumbusha Model A.

Mwingine atasema: "Nikishusha upepo si gari litashuka chini?" Litashuka, sentimita moja au mbili. Lakini gari lililosimama juu ya mchanga kwa sentimita mbili pungufu liko juu zaidi ya lile lililozama hadi tumboni.

Mwingine: "Langu ni fowili, halihitaji mambo hayo." Haya, tuliangalie hilo la kwako. Magari mengi ya familia yanayoitwa fowili kwa kawaida yanaendeshwa na magurudumu ya mbele, na ya nyuma yanaitwa kusaidia kupitia klachi ndogo inayotawaliwa na kompyuta. Hayana gia nzito za chini. Magurudumu yakizunguka bure kwa muda, klachi ile inapata moto, kompyuta inaikata ili kuiokoa, taa inawaka kwenye dashibodi, na papo hapo unabaki na gari la magurudumu mawili katikati ya mchanga. Giaboksi za mkanda, zile zisizo na hatua za gia, nazo hupata moto vivyo hivyo. Upepo ulioshushwa unapunguza kazi ya klachi na ya giaboksi. Gari lenye mitambo dhaifu ndilo linalouhitaji zaidi.

Sasa kipimo. Barabara ya vumbi yenye mawe na makorongo, shuka hadi 24 au 26. Mchanga laini, 16 hadi 18. Umenasa kabisa, unaweza kwenda chini zaidi kwa ajili ya kutoka tu, ukijua kwamba ukikata kona kwa nguvu tairi linaweza kuchomoka kwenye rimu. Matairi yenye ukuta mfupi, yale ya rimu kubwa za urembo, hayashuki hivyo; ukiyalazimisha utapasua ukuta au utapinda rimu. Ukishashusha, mwendo usizidi kilomita 30 au 40 kwa saa. Na kabla ya kurudi kwenye kasi ya lami unajaza tena, bila mjadala. Tairi legevu kwenye mwendo kasi linapinda na kunyooka kila mzunguko, linachemka, na mwisho linapasuka huku familia iko ndani. Pima asubuhi kabla hujaendesha, kwa sababu tairi lililopata moto linakudanganya kwa psi kadhaa.

Kwa hiyo manunuzi yako ya kwanza ni geji na kompresa ndogo. Tafuta kompresa ya kubana moja kwa moja kwenye betri. Zile za kuchomeka kwenye tundu la kuwashia sigara zinabanwa na fyuzi ya ampea 10 au 15, na zinakwenda polepole mno kwa mtu mwenye matairi manne ya kujaza juani. Acha injini ikiwaka wakati unajaza.

Manunuzi ya pili ni matairi yenyewe, na hapa kuna watu wananikasirisha. Mtu anapeleka watoto shule siku tano za wiki kwenye lami, halafu ananunua matairi ya tope yenye meno kama ya trekta. Yanapiga kelele, yanakula mafuta, na kwenye lami yenye maji breki zinachelewa kushika. Kwenye mchanga yanachimba. Chukua matairi ya matumizi mchanganyiko, saizi ileile ya gari lako, uwezo wa kubeba usiopungua wa kiwandani. Na usome tarehe! Pembeni kuna tarakimu nne: mbili za wiki, mbili za mwaka. 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi linaweza kuwa na meno mapya huku mpira umeshazeeka dukani.

Kwa magari haya ya klachi ya kompyuta, nunua manne kwa pamoja. Tairi moja likiwa limelika kuliko mengine linazunguka mara nyingi zaidi, na mfumo unadhani gurudumu linateleza. Unaitesa klachi hata ukiwa kwenye lami nyoofu.

Halafu fungua buti uangalie tairi la akiba. Wengi mna lile jembamba la dharura, limeandikwa kilomita 80 kwa saa. Lile ni la kukufikisha kwa fundi ukiwa mjini. Porini halikufikishi popote. Kama kuna kitu kimoja tu utakachonunua baada ya kunisikiliza na tayari una geji na kompresa, kiwe tairi kamili la tano.

Haya, springi. Sijasahau, maana najua wengine mmekuja kwa ajili yake. Kwanza tuseme ukweli kuhusu matairi makubwa. Ukitoka saizi 225/65 R17 kwenda 235/65 R17, kipenyo kinaongezeka milimita 13. Gari linapanda nusu yake, milimita sita na nusu. Kwa hiyo asikuuzie mtu tairi kwa hadithi ya urefu. Kuhusu kuinua, gari la familia ambalo bodi na chesi ni kitu kimoja, lenye springi huru mbele na nyuma, lina mpaka wake. Ukiweka vipande vya kuinulia juu ya shokapu, gurudumu halipati nafasi zaidi ya kupanda na kushuka. Umehamisha tu mahali linaposimama. Eksi za mbele zinakaa kwa pembe kali zaidi, mpira unaofunika jointi unasuguana na kupasuka, grisi inatoka, vumbi linaingia, na jointi inaanza kulia kila ukikata kona. Milimita 25 hadi 30 gari nyingi zinavumilia, mradi upime alaimenti, yaani mkao wa magurudumu, baada ya kazi. Zaidi ya hapo unanunua mfululizo wa matengenezo. Na kama shokapu zako zimeanza kuvuja, hela ya kuinulia iende kwenye shokapu mpya. Gari lenye shokapu nzima linagonga chini mara chache.

Muda unanibana, kwa hiyo haya nayapita mbio. Chini ya injini yako kuna kifuniko cha plastiki. Kinazuia matope, jiwe hakilizuii. Bati la chuma la milimita tatu, lililokunjwa na fundi mzuri na kuachiwa matundu ya hewa na ya kumwagia oili, litaokoa sampu, lile bakuli la oili chini ya injini.

Kuvutwa. Hapa naomba kila mtu anisikilize. Msifunge kamba kwenye kile kichwa cha chuma cha mviringo cha kuvutia tela. Kikikatika kinaruka kama risasi, na watu wameuawa hivyo. Tumia pete ya kuvutia iliyokuja na gari, iliyokazwa mpaka mwisho, na pingu za chuma za kuunganishia kamba, zilizochapwa uzito zinaoubeba. Zisizo na maandishi ziacheni dukani. Kamba hukatikia pembamba, na ninyi hakikisheni mnajua pembamba penu ni wapi kabla hamjavuta. Watoto wakae mbali, zaidi ya urefu wa kamba yenyewe.

Paa. Soma kitabu cha gari kinaruhusu kilo ngapi juu, na ujue keria yenyewe imo ndani ya hesabu hiyo. Sepetu, maji na jeki vikae chini, nyuma ya viti, vimefungwa.

Maji ya mto: shuka uingie kwa miguu kwanza, na kama huthubutu kuingia kwa miguu usiingie na gari. Injini ikivuta maji, maji hayabanwi kama hewa. Kinachopinda ni mkono wa pistoni. Tafuta mdomo wa kuvutia hewa wa gari lako uko kimo gani. Kwenye magari mengi ya aina hii uko karibu na taa za mbele, chini kuliko mnavyodhani.

Kwenye mchanga zima ile programu ya kuzuia gari kuserereka, kwa sababu inakata nguvu za injini wakati unazihitaji. Ukirudi lamini iwashe.

La mwisho, bima. Andikeni kwa kampuni yenu kabla ya kufunga springi au kubadilisha saizi ya matairi, na jibu lao mlipate kwa maandishi. Maswali tafadhali. Naona mkono kule kushoto, simama dada, karibu.