Bahasha Mbili za Dawa za Bibi

SAUMU: Karibu msikilizaji. Mimi ni Saumu, niko na Kaka Kombo, mfamasia, na leo tunazungumzia dawa, jeni na sonona kwa wazee. Nimekuja na bahasha mbili mkononi. Ni zile za kaki tunazopewa kwenye dirisha la dawa, zimeandikwa kwa kalamu. Ya kwanza inasema: amitriptyline 25 mg, 1 x 1 usiku. Ya pili: fluoxetine 20 mg, 1 x 1 asubuhi. Zote ni za bibi yangu mzaa mama. Ana miaka 78, ana presha, na sukari huu mwaka wa 19.

KOMBO: Alipewa sehemu moja?

SAUMU: Hapana. Ya usiku alipewa kliniki ya sukari, maana nyayo zilikuwa zinamwaka moto, hapati usingizi. Ya asubuhi alipewa hospitali nyingine miezi mitatu baadaye, Babu alipofariki. Bibi alikuwa hali chakula, hasemi, hagusi ukili, ule utepe wa miwaa wa kushonea mikeka. Na kusuka ukili ndiyo ilikuwa alasiri yake, miaka yote. Daktari akasema hii ni sonona, yaani huzuni iliyokuwa ugonjwa, akampa dawa.

KOMBO: Ikawaje?

SAUMU: Wiki ya nne akabadilika. Mdomo ulimkauka mpaka ulimi unanata kwenye meno, anaomba maji usiku kucha. Tukasema sukari imepanda. Tukamtoboa kidole, ikasoma 7.8, haikuwa imepanda. Choo kikawa shida, hata haja ndogo anakaa muda mrefu haitoki. Halafu akaanza kuniita kwa jina la dada yake aliyekufa zamani. Siku ya Ijumaa akaanguka mlangoni mwa choo. Na sisi nyumbani tulishakubaliana kwamba ni uzee. Mjomba akasema, mama ndiyo anaanza kusahau, tumwombee tu.

KOMBO: Pole sana, dada yangu. Hebu nipe hizo bahasha. Unajua, mtu akiniletea hizi mbili za mzee mmoja, kabla sijauliza lolote nauliza kama mdomo unamkauka.

SAUMU: Kwa nini mdomo?

KOMBO: Kwa sababu ndiyo dalili inayotangulia ya amitriptyline kuzidi. Kukauka mdomo, choo kigumu, mkojo kukataa kutoka, macho kuona ukungu, kisha akili kuchanganyikiwa. Ni dawa ya siku nyingi, inasaidia kweli maumivu ya mishipa ya fahamu. Ila kwa wazee ina tahadhari kubwa. Kuna orodha ya Marekani ya dawa za kuepukwa kwa wazee, ilianzishwa na daktari Mark Beers mwaka 1991, na amitriptyline imo.

SAUMU: Lakini mbona miezi mitatu ya mwanzo aliimeza na hakudhurika?

KOMBO: Hapo ndipo tunaingia kwenye mada yetu. Dawa ikishafanya kazi lazima mwili uiondoe. Ini lina vimeng'enya vya kazi hiyo, na kimoja kinaitwa CYP2D6. Amitriptyline inategemea sana kimeng'enya hicho ili itoke. Sasa fluoxetine, pamoja na wema wake wote, inakifunga kimeng'enya hichohicho. Bibi alikuwa anameza kidonge kilekile kimoja kila usiku, lakini cha jana hakijatoka cha leo kimeingia. Kwenye bahasha dozi ni 25. Kwenye damu imepanda, na hakuna aliyeipandisha.

SAUMU: Subhanallah. Na daktari wa pili hakujua kuna bahasha ya kwanza.

KOMBO: Bibi aliulizwa anatumia dawa gani?

SAUMU: Aliulizwa. Tukasema za sukari na presha. Ile ya miguu hatukuihesabu, tuliona ni ya maumivu tu.

KOMBO: Watu wengi hujibu hivyo, wala si kosa lenu. Sasa weka fluoxetine pembeni kidogo. Watu hatuzaliwi na CYP2D6 ya nguvu sawa. Jeni, yaani yale maelekezo ya kurithi yanayokitengeneza, ina sura nyingi, na kila mmoja anarithi nakala moja kwa baba, moja kwa mama. Kuna ambao chao hakifanyi kazi kabisa. Kuna wenye kinachokwenda polepole. Na kuna wenye nakala za ziada, dawa haikai kwao, wanameza na hawaoni nafuu. Mwenye kwenda polepole, hiyo 25 ya amitriptyline inaweza kumlemea hata bila fluoxetine.

SAUMU: Na sisi huku tukoje?

KOMBO: Hili swali nalipenda, kwa sababu jibu lake limepatikana kwetu. Mwaka 1996 Collen Masimirembwa wa Zimbabwe na wenzake walieleza aina ya jeni hii iliyo ya kawaida kwa Waafrika, inaandikwa kwa kinyota na namba 17. Inapunguza kasi. Mwaka 2001 watafiti wa taasisi ya Karolinska, Sweden, wakaeleza nyingine, namba 29, waliyoikuta kwa Watanzania. Nayo inapunguza kasi. Wazungu wana zao tofauti, hasa namba 4. Maana yake, kipimo kilichotengenezwa kwa kutafuta aina za Ulaya peke yake kinaweza kumpima mtu wa Muheza, kisione kitu, kikaandika kwamba yuko kawaida. Na hayuko kawaida.

SAUMU: Hiyo inaniuma.

KOMBO: Inauma, na inaeleza mengi. Hesabu iliyochapishwa mwaka 2022, Segun Fatumo aliyefanya utafiti Uganda akiwa mmoja wa waandishi, ilionyesha asilimia 86 hivi ya washiriki wa tafiti kubwa za jeni duniani wana asili ya Ulaya. Wenye asili ya Afrika ni asilimia 1 na kidogo.

SAUMU: Basi nikuulize lililoniingia kichwani wiki ile. Mama mkubwa alisema, huyu bibi yenu sonona ni ya ukoo, hata bibi yake alijifungia ndani alipofiwa. Kuna jeni ya sonona?

KOMBO: Kuna kisa hapa, vumilia nikisimulie chote. Mji wa Dunedin, New Zealand, watoto 1,037 waliozaliwa mwaka 1972 na 1973 wamefuatiliwa tangu wadogo. Mwaka 2003 watafiti wakatoa matokeo ya 847 kati yao. Waliangalia jeni moja inayohusu serotonini, kemikali ya ubongo inayohusika na hali ya moyo. Ina umbo fupi na umbo refu. Wakasema wenye umbo fupi, wakipatwa na misukosuko ya maisha, wanaangukia sonona zaidi. Dunia ikalipokea kwa shangwe, maana lilikuwa jibu zuri: jeni na mitihani ya maisha vimekutana. Wakaanza kupimwa wagonjwa wa kiharusi, wagonjwa wa moyo, wazee, kuona nani atavunjika moyo baada ya kuugua.

SAUMU: Na ikathibitika?

KOMBO: Mwaka 2009 zikakusanywa tafiti 14, watu 14,250 kwa jumla. Mitihani ya maisha ilionekana wazi kuleta sonona. Ile jeni haikuonekana kuongeza kitu. Mwaka 2019 zikapimwa jeni 18 zilizosifiwa zaidi, kwa mamia ya maelfu ya watu, ile ya serotonini ikiwemo. Hazikuonekana kuwa na uzito kuliko jeni nyingine zozote zilizookotwa tu.

SAUMU: Miaka 16 watu wanafuata jeni moja!

KOMBO: Na wagonjwa wakatoa damu zao. Lakini huo ndio ulikuwa utafiti wa kweli, maana uliendelea mpaka ukajisahihisha. Mwaka 2025 ukatoka mkubwa kuliko yote, zaidi ya watu milioni 5 kutoka nchi 29, na safari hii robo ya wenye sonona hawakuwa wa asili ya Ulaya. Umepata karibu tofauti 700 za vinasaba zinazohusiana na sonona. Kila moja ni tone. Tafiti za mapacha zinasema urithi unabeba kiasi cha thuluthi moja hivi ya tofauti kati ya mtu na mtu. Kwa hiyo Mama mkubwa ana hoja, ukoo upo. Ila hakuna anayeweza leo kuchukua mate ya Bibi na kukwambia alikata tamaa kwa ajili ya jeni fulani. Akikuuzia kipimo hicho, usinunue.

SAUMU: Na alikuwa na sababu zake, Kaka Kombo. Mume aliyeishi naye miaka 56. Nyayo zinawaka. Kila wiki ya pili kliniki, nauli, foleni.

KOMBO: Na sukari yenyewe. Mwenye kisukari anapata sonona karibu mara mbili ya asiye nacho. Tena mtu mzima wa kwetu haji kukwambia nina huzuni. Anakwambia kifua kinabana, mwili hauna nguvu, chakula hakina ladha. Kliniki wanaandika dalili za sukari.

SAUMU: Bibi alikuwa anasema, "Nimechoka na mwili huu." Tukaona anasema miguu.

KOMBO: Muulize mambo mawili. Kwa wiki mbili hizi, unakosa hamu ya mambo uliyokuwa unayapenda? Unajisikia huna raha, umekata tamaa? Ndiyo maswali yanayotangulia kwenye dodoso wanalotumia madaktari. Akisema siku nyingi ni hivyo, mpeleke. Na wewe kwa Bibi ulikuwa na dalili kubwa mbele yako, ule ukili.

SAUMU: Umekaa kwenye ndoo, majani yamekauka.

KOMBO: Ngoja nitoe mfano mwingine wa dawa, kwa ufupi, maana wapo wanaotusikiliza wanaoishi na VVU na sasa ni wazee. Ile dawa ya VVU ya zamani, efavirenz, iliyokuwa inaleta ndoto za kutisha, kizunguzungu, na kwa wengine huzuni nzito. Inaondolewa na kimeng'enya kingine, CYP2B6, na aina yake ya polepole ni ya kawaida sana Afrika. Waliorithi nakala mbili, dawa ilijaa mwilini. Wengi waliambiwa wana mawazo. Siku hizi dolutegravir imechukua nafasi yake, lakini nawakumbuka wale watu.

SAUMU: Sasa Bibi tungempima hiyo CYP2D6?

KOMBO: Kwa Bibi, hata bila kupima, sababu zinatosha. Umri umepunguza kasi ya ini na figo. Fluoxetine imefunga njia. Kama na kurithi amerithi ya polepole, basi ni ya tatu juu ya hizo. Kipimo kikipatikana kwa bei ya watu, na kikiwa na hizo aina za kwetu, nitakipigania kiingie. Leo ninachokipigania ni mfuko. Mzee akienda kliniki yoyote, abebe dawa zake zote kwenye mfuko mmoja, za hospitali, za duka, za mitishamba, hata ile ya miguu. Amwage mezani.

SAUMU: Na mtu akisikia haya asiache dawa ghafla.

KOMBO: Asiache, nakuomba uliseme tena.

SAUMU: Msikilizaji, usimwachishe mzee dawa ya sonona kwa sababu umetusikia. Nenda na mfuko. Sisi ndivyo tulivyofanya. Daktari alizipanga mezani, akazitazama hizi mbili, akanyamaza kidogo. Akaondoa ya usiku hatua kwa hatua, akatafuta njia nyingine ya miguu.

KOMBO: Ilichukua muda gani?

SAUMU: Mdomo ulianza kupata mate siku chache tu. Akili ilichukua kama wiki tatu. Asubuhi moja nampa uji, akaniambia, "Saumu, umeweka chumvi badala ya sukari?" Nikalia. Wala haikuwa chumvi, ni ule uji wa mgonjwa usio na sukari. Lakini aliniita Saumu.

KOMBO: Alhamdulillahi. Na huzuni?

SAUMU: Huzuni ilibaki. Hiyo ilikuwa ya kweli. Akili iliporudi ndipo akaanza kumlilia Babu sawasawa, maana ile miezi alikuwa kama yuko ndani ya moshi. Fluoxetine anaendelea nayo, na kuna muuguzi anakaa naye kila Jumatano wanaongea.

KOMBO: Hayo maongezi yashikilieni. Yana faida moja ambayo mimi mfamasia naiona haraka: hayapiti kwenye ini. Zimbabwe wana mabibi waliofundishwa kukaa na wagonjwa kwenye benchi nje ya zahanati, kazi iliyoanzishwa na daktari Dixon Chibanda mwaka 2006. Utafiti wa mwaka 2016, watu 573, ulionyesha walioketi na mabibi walipona vizuri kuliko waliopata huduma ya kawaida.

SAUMU: Mabibi wenyewe!

KOMBO: Wenyewe. Mpelekee Bibi hiyo habari.

SAUMU: Nitampelekea kesho. Ameniagiza ukili mbichi, miwaa ya Pangani, anasema hii ya sokoni kwetu inakatika.