Lisiti Iko Mukononi mwa Nani? Mazungumzo na vijana wanaoanza kazi ya ONG (mashirika ya msaada), Goma

Jambo kwenu wote, bapapa, bamama, na ninyi vijana muliosimama kule mulangoni, viti vimeisha, munisamehe. Sauti inafika nyuma? Sawa. Umeme ukikatika tutaendelea tu, mimi sikuleta projekta, nimezoea kuongea chini ya bashi, turubai la plastiki.

Wameniomba niongelee namna ya kuleta msaada bila kuchochea vita vya watu. Ofisini mutaikuta hii habari na jina refu la Kifaransa na formasio, mafunzo ya siku tatu yenye per diem, pesa ya posho. Mimi leo naongelea lisiti tu. Ile ya majina, ya watu wa kupata unga, mafuta, sabuni. Niambie nani ameiandika, nani alimuchagua huyo mwandishi, na nani hayumo, nitakuambia ugomvi utaanzia nyumba gani.

Tuanze hapa hapa nyumbani. Wazee munakumbuka mwezi wa saba 1994, watu wanavuka kutoka Rwanda, siku chache tu wakawa karibu milioni moja, halafu kolera ikawakuta juu ya haya mawe yetu ya volkano ambayo hata kaburi hulichimbi. Msaada uliokuja uliokoa watu, mtu asitoke hapa akisema nimeukana. Ila angalieni uligawanywa vipi. Kambi za Kibumba, Katale, Mugunga zilipangwa kama Rwanda ile ile iliyoachwa nyuma, komini kwa komini, yaani wilaya kwa wilaya, na wenye kushika majina wakawa wakubwa wale wale walioongoza watu kwenye mauaji ya kimbari. Si kwamba mashirika yaliwapenda. Kulikuwa haraka, watu wanakufa kila saa, na hawa jamaa walikuwa wamejipanga, wanajua kuandika, wanajua kupanga foleni, agenti amefika jana hajui hata barabara ya kwenda Rutshuru, anaona afadhali. Basi lisiti ikawa yao. Wakaongeza majina ya hewa, chakula kinachobaki kinauzwa, na mwenye kutaka kurudi kwao anajua wenye lisiti wanamuangalia.

Mwezi wa 11 mwaka ule ule MSF ya Ufaransa, madaktari wasio na mipaka, ikafunga kazi ikaondoka, ikasema hatutalisha wauaji. Wengine wakabaki, wakasema mtoto mwenye kuhara hakuua mtu. Nimezeeka na hii kesi na bado siwezi kuikata. Mwaka 1995 HCR, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, ikaanza kulipa wanajeshi 1,500 wa Zaire, ndiyo jina la Congo wakati ule, walinde kambi, ndiyo, wanajeshi wa rais Mobutu, nasikia munacheka. Mwisho wa 1996 vita vikazivunja kambi zenyewe. Na mwenyeji wa Goma katika hayo yote? Yeye aliona malori yanapita, miti ya Virunga inakwisha kwa kuni, bei sokoni inapanda, na yeye hayuko kwa lisiti yoyote.

Muniruhusu niruke mpaka Beni na Butembo, miji ya kaskazini mwa hapa, Ebola, 2018 mpaka 2020. Watu 2,287 walikufa, ugonjwa ulikuwa wa kweli kabisa. Lakini ujiweke mahali pa mama wa Beni. Tangu mwezi wa 10 2014 jirani zake wanachinjwa kwa mapanga, hakuna ndege ilikuja. Mtoto wake anakufa na malaria, hakuna jeep ilikuja, na surua mwaka 2019 iliua watu zaidi ya 6,000 katika Congo nzima. Halafu ugonjwa mumoja tu unaletewa majeep mapya, ya kukodi kwa dola, na watu wenye kuongea lugha ya kwingine, na wanajeshi mbele na nyuma. Ongeza siasa: mwezi wa 12 2018 wakaambiwa hawatapiga kura pamoja na wengine kwa sababu ya Ebola na usalama, watapiga mwezi wa tatu, rais mwenyewe akaapa mwezi wa kwanza. Kesho yake tu baada ya tangazo watu wakavamia kituo cha Ebola Beni. Mwezi wa pili vituo vya Katwa na Butembo vikachomwa. Watu wa riposti, wale wa kupambana na Ebola, wakasema ni ujinga, ni uvumi, tuongeze sensibilisasio, kuelimisha watu. Mimi nasema wale watu walikuwa wamepiga hesabu yao vizuri, ni sisi tuliokuja na jibu la hesabu ingine. Kuua daktari hakuna mwenye kukutetea, na daktari wa OMS, shirika la afya duniani, aliuawa pale Butembo mwezi wa nne 2019. Ila hasira haikuanguka kutoka mawinguni.

Sasa ya kwangu mwenyewe, na hii siipendi kuisimulia.

Nilikuwa kwa projeti moja ya maji, Masisi, jina la shirika mutaniachia. Tunajenga bonefontene, mahali pa watu wote kuteka maji, robine nne, mabomba yake, kitu kidogo. Tunahitaji kiwanja mita tano kwa tano. Chefu wa kijiji akatuonyesha mahali, karibu na shule, pazuri, maji yanateremuka yenyewe. Tukaandika karatasi ya kutoa kiwanja, chefu akasaini kama mwenye ardhi, mimi nikasaini, tukapiga muhuri. Hata nusu saa haikuisha. Nikarudi Goma nimefurahi, kwa sababu kwa kawaida karatasi ya kiwanja inachukua wiki mbili.

Kumbe ile shamba ilikuwa na kesi ya miaka. Famii moja ilikimbia vita ikaiacha, ikarudi ikakuta chefu amegawia watu wengine, na munajua Masisi, kesi ya shamba haikai kesi ya shamba, kesho inakuwa ya makabila, ya Wahunde na Wanyarwanda. Tulipoweka panno yetu, kile kibao chenye rangi na jina la mufadhili, upande wa chefu ukaenda nayo kwa mabaraza: hata bazungu wameandika, hata karatasi iko na muhuri, shamba ni yetu. Muhuri wangu! Mimi niliyedhani naleta maji nikawa shahidi wa kesi ambayo sikujua iko. Bamama wa ile famii wakaacha kuteka pale, wakarudi mutoni. Siku moja tukakuta robine mbili zimevunjwa na jiwe. Ripoti yangu ya kwanza iliandika «vandalisme», uharibifu wa makusudi tu. Niliiandika kwa mukono wangu, mupate kujua.

Aliyenifungua macho ni mulinzi wetu wa usiku, mutu wa pale pale, tulikuwa tunamulipa dola kidogo alinde simenti. Nikamuuliza kwa nini hukuniambia? Akasema: papa, ulikuja na moteri ya gari haijazimwa, ulimuuliza chefu peke yake, mimi ni nani nikukatize?

Basi tukaanza upya. Miezi miwili ya kukaa tu, chini ya muti, na wazee wa pande zote, na bamama peke yao siku ingine, kwa sababu mbele ya bapapa hawaongei. Ofisi inapiga simu kila siku ya Jumatatu: umefika asilimia ngapi? Asilimia ya kitu gani, tunakunywa kasigisi, pombe ya ndizi! Mwisho wakakubaliana robine ihamie kando ya barabara, mahali pa watu wote, na karatasi mupya ikaandika wazi kwamba kujenga pale hakumupi mutu yeyote haki ya shamba. Panno tuliing'oa. Mufadhili akauliza visibilité, jina lake lionekane, iko wapi, tukamutumia foto.

Ile ya barabarani maji yake yanakuja polepole, muteremuko haukuwa muzuri kama kule shuleni. Nilipita siku moja, mama mumoja akanitambua, akaniuliza kama ni mimi niliyehamisha maji mbali na nyumba yake. Nikasema ni mimi. Akaniangalia, akabeba bidoni yake akaenda.

Haya, maswali. Mama kule nyuma, simama tukusikie.