Huzuni Imepungua, Mbona Akili Bado Haishiki?

Ndugu zangu wa Dodoma, karibuni. Huzuni ya sonona, ule ugonjwa wa akili unaomzamisha mtu katika huzuni ya muda mrefu, wengi mnaijua. Leo nataka tuzungumzie lile ambalo wagonjwa hulitaja kwa sauti ya chini, kana kwamba ni aibu: akili haishiki.

Mchukulieni mama anayeuza mboga soko la Majengo. Miaka yote alipiga hesabu kichwani. Leo mteja wa mboga za elfu mbili na mia tano anampa noti ya elfu kumi. Anahesabu chenji, anarudia, anapotea katikati, mwisho anauliza, "Hivi umenipa ngapi?" Nyumbani wanasema uzee umemwahi. Kumbe ni sonona: inapunguza umakini, inachelewesha fikra, inavuruga kumbukumbu na uwezo wa kuamua. Daktari huihesabu hali hiyo miongoni mwa dalili za ugonjwa wenyewe. Kwa mzee inaweza kufanana mno na ugonjwa wa kusahau, kwa hiyo nawaomba sana, apimwe kwanza.

Tuje kwenye matibabu. Baada ya wiki kadhaa za dawa, wengi hupata usingizi, hamu ya kula inarudi, wanacheka. Akili mara nyingi hubaki nyuma. Mwaka 2016 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa wagonjwa zaidi ya 1,000 waliopewa mojawapo ya dawa tatu za sonona, yaani esitalopramu, sertralini au venlafaksini, kwa wiki 8. Umakini, kumbukumbu ya maneno na kasi ya kuamua havikuonyesha nafuu, hata kwa wale ambao sonona yao ilikuwa imetulia.

Kwa maoni yangu, hapa ndipo tunapowaangusha wagonjwa. Mtu anaonekana mzima, Jumatatu anarudi ofisini Mtumba, kwenye Mji wa Serikali, anarundikiwa mafaili yote, akikosea anaitwa mzembe. Inaniuma, kwa sababu bado anaumwa.

Dawa nazo ziangaliwe. Amitriptilini, nayo dawa ya sonona, ni ya bei nafuu, lakini inaweza kuongeza usahaulifu, hasa kwa wazee. Usiiache ghafla, mwambie daktari, iwe hospitali ya Mirembe au kituo cha afya cha karibu, aone kama dozi ipunguzwe au dawa ibadilishwe. Apime pia wingi wa damu na tezi ya shingo, maana kasoro za huko nazo huzorotesha akili.

Na ninyi wakuu wa idara mliopo hapa, mtumishi akirudi, mpeni mafaili machache kwanza, maagizo myaandike, kazi muiongeze kadiri anavyopata nafuu.